Tundu Pembeni mwa Kadi

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na nalisema mapema ili nisije nikahukumiwa baadaye. Hasira yangu huwaka kama karatasi na kuzimika kama karatasi, ila ikiwa inawaka ni afadhali usimame mbali. Watu wa jamii yetu ya Wakongomani kambini Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, walilijua hilo vizuri. Bado walinichagua kusimamia kura yao, na mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au adhabu.

Kwanza nieleze kura yenyewe. Kambini kila jamii ilikuwa na mwenyekiti wake. Cheo hicho hakikuwa na mshahara wala kiti, licha ya jina lake. Kulikuwa na benchi moja lililovunjika mguu. Lakini mwenyekiti ndiye aliyeitwa ofisini blanketi zilipoletwa, ndiye aliyeandikisha majina ya wajane, ndiye aliyeamua nani alitangulia kuweka ndoo bombani. Kwa hiyo watu walikitaka kile cheo, na waliokikosa walinuna mwaka mzima.

Tulikuwa tunamchagua kwa mstari. Wagombea walisimama kwenye uwanja wa mpira, kila mtu akaenda kusimama nyuma ya anayemtaka, kisha mistari ikahesabiwa. Ni njia rahisi, haihitaji karatasi wala mtu wa kusoma. Shida yake ni kwamba macho hayasahau. Jirani yangu, mjane kutoka Fizi aliyekuwa akiuza samaki wakavu, mwaka mmoja alisimama nyuma ya mtu aliyeshindwa. Blanketi zilipokuja, jina lake halikuwamo. Alipouliza aliambiwa karatasi ilikuwa imejaa. Mwaka uliofuata karibu watu wote walijipanga upande mmoja, na wakubwa wakasimama mbele yetu wakasema, tazameni jinsi tulivyoungana! Nilicheka kwa sauti, nikaonywa.

Siku hizo nilikuwa na kibali cha kutoka kambini kwenda Lilongwe siku tatu kwa juma. Cherehani yangu ilikaa Old Town, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa la Mhindi mmoja, karibu na stendi ya mabasi. Mwaka ninaousimulia Wamalawi walikuwa na uchaguzi wao mkuu, na mimi niliushona kabla sijausikia redioni. Akina mama waliniletea vitenje, yaani vitenge, vya vyama vyenye sura za wakubwa, na kila mmoja alikuja na masharti yake. Huyu alitaka sura ya kiongozi wake ikae kifuani, isikunjwe, isipitiwe na mshono. Yule alitaka sura ikae nyuma kabisa, mahali pa kukalia, na alinikonyeza jicho. Nilishona vyote kwa uaminifu. Fundi hana chama.

Katika wateja wangu alikuwamo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mmalawi, mwenyeji wa mtaa wa Mtandire. Mwanamke mnene, mpole, asiyeinua sauti hata basi likimkosakosa. Alikuwa amepewa kazi ya kusimamia kituo cha kupigia kura katika darasa lake mwenyewe, na alinijia nimshonee sketi yenye mifuko mirefu. Nilimuuliza ya nini. Akasema ni ya kalamu, kwa sababu kalamu ndizo za kwanza kupotea.

Siku ya kura sisi wakimbizi tulikaa kambini. Uchaguzi haukuwa wetu, na tuliombwa tusionekane karibu na vituo asije akatokea wa kusema tumepiga. Tulisikiliza redio. Juma lililofuata mwalimu alirudi kwangu na ile sketi, mshono wa mfuko umefumuka, na nilipokuwa naurudishia alinisimulia kwa Kichewa cha polepole, akijua changu ni cha sokoni.

Makaratasi yalifika jua limeshapanda, na bibi vizee walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri. Katika daftari la majina waliokufa walikuwamo na waliosimama mbele yake hawakuwamo. Wakala wa chama kimoja alitaka kukaa bega lake likigusa sanduku. Mwanamke mmoja asiyeona vizuri alimwomba amwekee alama, na yeye alikataa, akamwita mkwe wa yule mama aje kumsaidia, kwa sababu mkono wa msimamizi haupaswi kugusa kura ya mtu. Alisimama siku nzima. Nilimuuliza kama kulikuwa na wizi. Akafikiri, akasema kwamba uchaguzi hauharibiwi na wezi peke yao. Unaharibiwa pia na watu wema waliosahau kalamu.

Halafu akanifundisha. Unaanza kwa kugeuza sanduku juu chini mbele ya watu wote, waone ni tupu. Ukifika wakati wa kuhesabu, unainua kila karatasi juu na kuitaja kwa sauti. Matokeo yanaandikwa palepale, yanasainiwa na pande zote, yanabandikwa mlangoni. "Unamfanyia kazi atakayeshindwa," aliniambia. "Atakayeshinda hatakuuliza kitu."

Nilirudi Dzaleka na maneno hayo kichwani. Niliyasema bombani, niliyasema kanisani baada ya ibada, niliyasema mpaka watu wakachoka nami. Kwenye mkutano wa jamii mjane wa samaki alisimama, yeye ambaye hakuwa akisema hadharani, akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, ambacho watu huitwa bantu na ndiye huwa njo, "Mi pia nataka hiyo ya karatasi. Nimechoka kuchaguliwa na macho ya bantu." Watu wakapiga makofi. Ikaamuliwa kura ya siri, na wasimamizi wawili: mimi, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na nilishapiga kelele vya kutosha, na pasta mmoja kutoka Uvira, mtu wa taratibu sana, ambaye kazi yake nadhani ilikuwa kunizuia mimi.

Sasa lazima nimtaje kaka yangu. Kwetu mkubwa wako wa tumbo moja unamwita yaya, na mimi sijamwita kwa jina lingine maisha yangu yote. Baba alikufa nikiwa mdogo, na yaya ndiye aliyenilea na kunisomesha. Kule Bukavu alikuwa direkteri, yaani mwalimu mkuu wa shule. Alipopita njiani watoto walivua kofia na wazazi wao walishuka kwenye baiskeli. Malawi hawakuhitaji Kifaransa chake. Kambini alikaa mbele ya mlango wake na mafungu ya nyanya, na watoto walimwita papa wa tomati. Hakulalamika hata siku moja. Lakini nilimwona akizipanga nyanya zile kwa safu zilizonyooka kabisa, na kila nilipoziona safu zile nilitaka kulia.

Siku ya mwisho ya kuandikisha wagombea, yaya alikuja na shati lake jeupe akaandika jina lake.

"Yaya, we njo unanimaliza," nilimwambia. "Mi njo mwenye kuchunga sanduku. Bantu batasema nini?"

"Batasema niko na ndugu mwenye akili," akajibu. Kisha akashusha sauti. "Nataka kuwa mutu tena. Hata mwaka moja tu."

Mpinzani wake alikuwa mwanamume wa Fizi aliyekuwa na baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria mpaka barabara kuu ya lami. Mtu wa vichekesho, hakumaliza shule, na kila mtu alimpenda. Kwenye mkutano nilisimama nikasema najiuzulu, kaka yangu ni mgombea. Mwenye baiskeli ndiye aliyekataa.

"Mama abakie," akasema. "Akifanya mubaya, hasira yake itamuonyesha mbele yetu sisi bote. Mi naogopa mutu mwenye kucheka-cheka."

Watu walicheka, na mimi nikabaki. Niliapa mbele yao kwamba nitakuwa wa haki. Ni rahisi kuapa.

Tulijitayarisha majuma mawili. Nilikata karatasi za kaki ninazochorea ruwaza za nguo, na kwa kuwa wengi hawakusoma, kila karatasi ilikuwa na picha mbili: kitabu juu, alama ya yaya, na baiskeli chini, alama ya mpinzani; mpiga kura angechora msalaba kwenye picha ya anayemtaka. Sanduku lilikuwa ndoo ya plastiki yenye kifuniko kilichopasuliwa mdomo. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka tulipofika kwenye swali la mtu kupiga kura mara mbili. Wamalawi walipakwa vidoleni wino usiotoka. Sisi tulijaribu wino wa kalamu, ukatoka kwa mate. Tulijaribu dawa ya zambarau ya vidonda, lakini nusu ya akina mama walikuwa nayo vidoleni tayari kwa sababu ya watoto wao.

Ndipo nikapata akili yangu kubwa. Kila familia ilikuwa na kadi ya posho, na kwenye kadi yameandikwa majina ya watu wazima wa nyumba. Nilikuwa na kikoleo cha kutobolea mikanda. Mtu akipiga kura, ninatoboa tundu dogo pembeni mwa kadi, usawa wa jina lake. Tundu halitoki kwa mate. Nilijipenda sana siku hiyo.

Pasta aliikunja midomo yake. "Mama, hilo tundu halina shida?"

"Pasta," nikamwambia, "tundu ni tundu."

Ilikuwa Jumamosi. Nilipiga kura mimi wa kwanza kabisa, nikatoboa kadi yangu mbele ya watu. Wa Bukavu, watu wa kwetu mimi na yaya, ambao nyumba zao zilikuwa karibu na uwanja, walifika mapema na nguo za kanisani. Wa Fizi na Uvira walikwenda kwanza kwenye bustani zao kabla jua halijawa kali, na walianza kufika baadaye, miguu ina udongo. Foleni ilipendeza. Watu waliingia nyuma ya pazia nililolishona mwenyewe, wakatoka wakitabasamu kama waliofanya utundu. Halafu bibi mmoja wa Bukavu aliangalia kadi yake, akaiinua kwenye mwanga, akapiga ukelele.

"Mama! Umenitobolea posho!"

Ndipo nikaelewa. Kila siku ya mgao, karani wa chakula alichukua kadi yako akatoboa tundu kwenye chumba cha mwezi huo. Tundu maana yake umeshapokea. Kadi yenye tundu, hata ulie vipi, hupewi mahindi mara ya pili. Nilikuwa nimeishi na kadi ile miaka minane, nimesimama kwenye mstari ule kila mwezi, nimeyaona matundu yale yakitobolewa, na bado halikunijia kichwani. Kitu ukikaa nacho muda mrefu unaacha kukiona. Kweli nilikuwa nimetoboa pembeni, mahali pasipokuwa na chumba cha mwezi wowote, lakini nani mwenye njaa anapima sentimita?

Habari ilikwenda mbio kuliko mimi. Mbele ya foleni walisema posho ya mwezi imekatwa. Katikati ilikuwa miezi mitatu. Ilipofika nyuma, walikuwa wanasema kila mwenye tundu anarudishwa Kongo. Watu walianza kuondoka. Mimi nikafanya kosa la pili: nikawapigia kelele. Niliwaita wajinga, niliwaita kuku, niliwaamuru warudi, na wale waliokuwa wanatembea wakaanza kukimbia.

Pasta alinishika mkono. "Mama, nyamaza," akasema taratibu. "We njo unabafukuza."

Ilikuwa imebaki muda mfupi kufika saa sita, saa tuliyopanga kufunga. Waliokwisha kupiga walikuwa karibu wote wa Bukavu. Hata asiyejua kuhesabu aliweza kuona ni nani ameshinda ndani ya ndoo ile. Yaya alinijia na saa yake mkononi.

"Sheria iko saa sita," akasema. "Nani alinyimwa? Mutu akijiondoa mwenyewe, hiyo si kosa ya sanduku. Funga, tuhesabu."

Alikuwa na haki kwa mujibu wa kanuni, na kanuni nilikuwa nimeziandika mimi. Niliangalia upande wa pili wa uwanja. Jirani yangu wa samaki alikuwa amesimama kule, hajaondoka, hajasogea, kadi yake ameificha ndani ya kitenge. Nilimfuata.

"Mi nataka kuchagua," akaniambia kabla sijamuuliza. "Lakini batoto batakula nini?"

Nilirudi mezani. Nakumbuka niliona shati jeupe la yaya, kola imepigwa pasi kwa makaa, na nilimpenda mno wakati ule. Nikapanda juu ya benchi lile lenye mguu mbovu, nikiwa nimeshikwa na pasta, nikasema kura imesimama. Nikasema kosa si la pasta wala la wagombea, ni langu peke yangu, na karatasi zilizomo ndani ya ndoo zitachomwa bila kufunguliwa, na tutaanza upya baada ya mgao wa chakula, watu wakishaona kwa macho yao kwamba tundu langu halijamlaza mtu njaa. Pasta alikubali. Mwenye baiskeli alikubali.

"Choma," yaya akasema mwishoni. "Lakini ujue ni mimi unachoma."

Akaondoka. Tulizichoma palepale, karatasi za kaki zinawaka vizuri, na wale wa Bukavu waliokuwa wamenisifu asubuhi wakanigeuzia mgongo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Siku tisa zilikuwa zimebaki mpaka mgao. Sijawahi kuogopa siku kama zile. Watu arobaini na kitu walikuwa na tundu langu kwenye kadi zao, na mimi sikujua karani atasema nini. Nilikuwa nimewaahidi kitu kisichokuwa mkononi mwangu. Na yaya hakuzungumza nami. Jumapili alikuwa na desturi ya kula kwangu; hakuja. Nilimpelekea sombe, kisamvu cha kwetu, na samaki, sahani ikarudi imeoshwa, bila neno. Iliniuma. Nilishona nguo za watu mikono ikienda vibaya, na mara mbili nilishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia.

Siku ya mgao nilikuwa wa kwanza kwenye mstari, na wenye matundu wote nyuma yangu. Wengine walikuwa wamekusanyika pembeni kutazama. Karani alikuwa Mmalawi mrefu mwenye miwani, asiyejulikana kwa vicheko. Aliichukua kadi yangu, akaiinua juani, akachungulia kupitia tundu, jicho lake likanitazama kutoka upande wa pili.

"Ichi n'chiyani, amayi?" akauliza. Hiki ni nini, mama?

Nilimweleza kwa Kichewa changu kibovu: kura, kitabu, baiskeli, wino, dawa ya zambarau. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mjinga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akavua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi. Alipomaliza kucheka alinikaripia sawasawa: kadi si kitambaa cha kukata upendavyo, na nisirudie tena. Akaweka saini yake kando ya tundu, akatoboa la kwake kwenye chumba cha mwezi, akaniashiria nisogee kwenye mahindi. Wa nyuma yangu akapita. Na wa nyuma yake. Nilisema zikomo, zikomo, asante yao, mpaka akaniomba ninyamaze. Akina mama waliokuwa pembeni walipiga vigelegele, na nilimsikia mwenye baiskeli akitangaza kwa sauti kwamba sasa mahindi yake yana haki ya kupiga kura.

Safari ya pili hatukutumia kadi wala tundu. Tulitengeneza daftari la majina. Kila jioni tulikwenda sehemu moja ya kambi, pasta akasoma majina polepole, na watu wakamsahihisha. Huyu alikwisha kufa. Yule amehamia Blantyre. Binti huyu ameshakuwa mtu mzima, mbona hayumo? Walibishana, walitukanana kidogo, walicheka, na niliona kitu ambacho sikukitegemea: kadiri walivyobishana ndivyo daftari lilivyokuwa lao. Siku ya mwisho hata waliokuwa wamenigeuzia mgongo walikuja kuhakikisha majina yao yameandikwa vizuri. Nilirudi nyumbani nikiimba, na mimi siimbi vizuri.

Siku ya kura wa Fizi walikuja kabla ya kwenda bustanini. Tuligeuza ndoo juu chini. Kila aliyefika alikatwa jina lake kwenye daftari mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Jirani yangu wa samaki aliingia nyuma ya pazia akakaa humo mpaka watu wakaanza kunung'unika, akatoka kichwa juu. Hakuna aliyejua amemchagua nani, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Saa sita tulifunga, na hakuna aliyekuwa amebaki nje.

Nikaanza kuhesabu. Niliinua kila karatasi, nikataja, "Kitabu!" au "Baiskeli!", na umati ukaitikia, na nikaiweka kwenye fungu lake. Mwanzoni nilitazama picha. Baadaye, jua likiniwakia na sauti ikinikauka, nadhani nilikuwa natazama tu mahali msalaba ulipo: juu ni kitabu, chini ni baiskeli. Sikujua kwamba nimeanza kufanya hivyo. Mwisho wa yote pasta alijumlisha, akajumlisha tena, akanionyesha. Kitabu kilikuwa mbele kwa kura moja.

Sitadanganya: moyo wangu uliruka. Nilijua ninapaswa kuwa mtu wa haki, na moyo ukaruka hata hivyo. Wa Bukavu walipiga kelele za furaha. Yaya alisimama bila kutabasamu, mikono nyuma, kama kwenye gwaride la shule.

Mwenye baiskeli akaja mezani. "Nimesikia," akasema. "Lakini kura moja ni kidogo sana. Tuhesabu tena, ili tulale vizuri, mi na yeye."

Hasira ikanipanda. Nilitaka kumuuliza kama ananiita mwizi. Pasta alinitazama tu, nikafunga mdomo.

"Nani atahesabu?" akauliza pasta. "Sauti ya mama imekwisha."

"Mwalimu ahesabu," akasema mwenye baiskeli, akimwonyesha yaya kwa kidole. "Si alikuwa direkteri? Amehesabu batoto ba bantu maisha yake yote."

Watu wakacheka, na hakuna aliyepinga. Yaya akakaa mezani mkabala nami, mgongo wake kwa umati. Akaanza na fungu lake mwenyewe. Alichukua karatasi moja moja, akaigeuza ikae wima, akailaza juu ya nyingine, kingo zikalingana. Umati ukaanza kuzungumza habari nyingine. Mwenye baiskeli aliitwa na mtu akageuka. Katikati ya fungu mkono wa yaya ulisimama.

Alishika karatasi moja kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa naona uso wake tu. Aliigeuza juu chini, akaitazama, akaigeuza tena. Nikaelewa kabla hajasema: niliiinua kichwa chini, baiskeli juu na kitabu chini, na nikasoma mahali badala ya picha. Na anayetangulia kwa kura moja, moja ikihama, anakuwa nyuma kwa moja. Yaya alifundisha hesabu. Alilijua hilo kabla yangu. Hakuna mwingine aliyekuwa anatazama, ila mimi, na mimi nilikuwa ndugu yake. Karatasi ile ilihitaji tu kulazwa juu ya zile nyingine, kingo zikalingana.

Akainuka, akawageukia watu, akainua karatasi juu kwa mikono miwili.

"Hii iko ya baiskeli," akasema kwa sauti ile ya uwanja wa shule. "Ilikuwa imegeuzwa. Angalieni mwenyewe."

Akaiweka upande wa pili. Akakaa, akamaliza fungu lake, akahesabu na la mwenzake mpaka mwisho, bila haraka. Alipomaliza alimwambia pasta jumla zote mbili, na pasta akanisogezea karatasi ya matokeo. Nilishika kalamu na sikuweza kuiteremsha.

Yaya alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi.

"Andika, mdogo wangu," akasema.

Upepo ulikuwa unaivuta karatasi. Akazunguka meza, akasimama kando yangu, akaibana karatasi kwa viganja vyake viwili isisogee, nikaandika.